Tairodi ya Mtani

Jumatano, tarehe 19 Agosti 1992, kabla ya adhuhuri, tulimpoteza kaka yangu kwenye barabara ya Pugu, ukishaipita Ukonga. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, fundi wa stelingi na miguu ya magari. Aliacha mke, watoto watatu na mimi mdogo wake.

Tulikuwa na gereji bubu nyuma ya soko la Tandika: kibanda cha mabati na uwanja wa mchanga uliokunywa oili mpaka ukawa mweusi. Kibao hatukuwa nacho. Kaka alishika stelingi, mimi nilishika ekzosi, yale mabomba ya moshi, na kuchomelea. Tulifanya kazi hivyo miaka kumi na mmoja na hatukugombana, kwa sababu mpaka wetu ulikuwa wazi. Stelingi haichomelewi. Mtu akija na tairodi iliyokatika akitaka niiunge kwa moto, kaka aliichukua mwenyewe akaitupa kwenye pipa la chuma chakavu. "Ekzosi ikitoboka, watu watasikia kelele," alikuwa akiwaambia. "Tairodi ikikatika, watasikia kilio." Tairodi ni kile chuma kinachoyashika magurudumu ya mbele yageuke pamoja. Kikikatika, usukani unazunguka bure mikononi mwako.

Gari lililomuua lilikuwa la Kimarekani, la zamani, milango miwili, boneti ndefu kuliko kitanda changu, injini ya silinda nane, nne huku na nne huku. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa Kinondoni. Alianza na mitumba, na ruksa ya kuagiza bidhaa nje ilipokuja akaingia kwenye friji za Dubai. Gari alilinunua kwa mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao. Ukilisikia kutoka Mtoni, ulijua anakuja.

Huyu bwana alikuwa mtani wetu. Watu wa kwao na watu wa kwetu wametaniana tangu babu zao walipokuwa wakiteremka pwani na misafara ya pembe. Akifika gerejini anachukua chai ya kaka anainywa yote, halafu anaomba andazi. Kaka anamwita kuli wangu. Wanacheka. Mimi si mtu wa maneno, nilikuwa nacheka pembeni.

Mwezi wa Julai kaka alilala chini ya gari lile, akatoka akamwambia tairodi imekwisha, asiendeshe. Spea ya gari kama lile mjini haikuwepo. Kaka alisema apewe wiki tatu, atatafuta ya lori aipeleke kwa mkerezaji ipunguzwe ikae. Mtani akaondoka na gari lake. Jioni kaka aliniambia, "Nimemkatalia. Kanuna kama mke mdogo." Hayo niliyasikia kwa masikio yangu.

Siku aliyokufa sikuwepo. Nilikwenda mtaa wa Gerezani kununua mabomba. Niliporudi niliambiwa mtani alikuja, akasema ekzosi inalia vibaya, akamchukua kaka wakatembee kidogo ili ausikilize mlio gari likiwa kwenye mwendo. Mafundi wote hufanya hivyo. Mlio wa gari lililosimama si mlio wa gari linalokwenda. Ilipofika saa saba ikaja habari kwamba gari limeingia kwenye kalavati na dereva amekufa. Nikadhani aliyekufa ni mtani. Gari lile usukani wake ulikuwa kushoto, na waliofika pale walimtoa maiti upande wa kulia, anakokaa dereva kwenye magari yetu. Kwa nusu saa nzima nilimsikitikia mtu mwingine.

Siku ya tatu ya msiba mtani alikuja na bandeji kwenye paji la uso. Mtani ana haki yake msibani. Anaweza kulala njiani watu wasipite, anaweza kuificha sufuria ya wali, anaweza kumcheka maiti, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Kazi yake ni kuwaondolea watu uzito. Yeye alikaa katikati ya jamvi, akapiga magoti yake makofi.

"Jamani, nani atanilipa gari langu? Marehemu wenu kafunga stelingi kwa mate."

Watu wakacheka. Wanawake ndani nao wakacheka.

"Mate yenyewe ya asubuhi, hajapiga hata mswaki. Nimemwambia mtani, kaza. Kasema, nimekaza. Sasa kaenda kumdanganya Munkari na Nakiri kwamba yeye fundi."

Wakacheka tena. Ami yangu mkubwa alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Nilijua anasema uongo, na sikuwa na njia ya kumwambia. Ukimjibu mtani kwa ugomvi msibani, mwenye aibu ni wewe.

Uongo ule ulitoka pale kama mzaha, na mzaha husafiri. Wiki ya pili niliusikia sokoni kwa muuza ndizi. Wiki ya tatu dereva wa teksi aliyekuwa akimletea kaka gari kila mwezi alilipitisha mbele ya gereji, akainua mkono kunisalimia, akaenda kwa mafundi wa Keko. Mtoto wa kati wa kaka, binti wa miaka tisa, alirudi shuleni akamuuliza mama yake kama ni kweli baba alifunga gari kwa mate.

Siku hiyo nilianza kumchukia mtu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Sina neno zuri la kulieleza hilo. Nilikuwa nakula nikimchukia, nikishika udhu namchukia.

Halafu akaniletea gari.

Lilikuja likivutwa na pikapu, pua imebonyea, magurudumu ya mbele moja linatazama Ukonga na jingine Mbagala. Yeye alishuka kwenye pikapu akicheka.

"Mtani wangu mdogo. Hili ni lako. Nitampa nani mwingine?"

"Nenda Keko," nilimwambia.

"Keko wataniharibia. Manifoldi za hili gari hazipo Afrika Mashariki nzima, nani atanitengenezea kama si wewe? Na tairodi na boljointi nimeagiza Dubai, zinakuja. Tena watu waone hatuna kinyongo, mie na nyie."

Nilimwelewa. Mdogo wa marehemu akilitengeneza gari, basi maneno yamekwisha, familia yenyewe imekubali. Nilimtazama usoni. Nikasema, "Liache."

Nataka niandike kama ilivyokuwa. Niliikubali kazi ile kwa nia ya kumuua. Kwenye ncha ya tairodi kuna nati, na nati ile hupitishiwa kipini chembamba kama njiti, tunakiita kota pini, isije ikafunguka njiani. Nilikusudia kuikaza nati kwa vidole na kipini nisikitie. Gari lingemfikisha Magomeni, pengine mpaka Kinondoni. Nilihesabu mashimo yote ya barabara kichwani.

Wakati tunangoja mzigo wa Dubai nilianza na manifoldi. Hizi ni zile pua za chuma zinazopokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye injini. Ya kushoto ilikuwa vipande vitatu, ya kulia ilikuwa na ufa unaopita kucha. Zilikuwa za chuma cha kumimina, na chuma cha namna hiyo ukikiunga leo, kesho kinapasuka pembeni ya ulipounga. Nikaamua kuzitengeneza upya kwa mabomba, manne kila upande. Nilikausha mchanga kwenye karai, nikaujaza ndani ya bomba, nikaziba ncha zote mbili kwa vipande vya mti, nikalipasha moto mpaka likawa jekundu, ndipo nikalikunja. Bila mchanga bomba linajikunyata kama shingo ya kuku. Bamba la kukalia injini nilikata kwenye chesisi ya lori, matundu nikayapima kwa gasketi ya zamani.

Kazi ile ilichukua siku tisa na ilikuwa kazi nzuri. Nasema hivi kwa aibu. Kuna saa nzima zilipita nikiwa sikumbuki kwamba kaka amekufa wala gari ni la nani, nalifukuzia bomba la tatu likae sawa na la pili. Nikikumbuka, chuki inarudi na nguvu mpya, kama mtu aliyetoka kulala.

Maboksi ya Dubai yalifika mwezi mmoja baada ya maziko. Kaka alimwomba wiki tatu.

Nililala chini ya gari kutoa vyuma vya zamani. Tairodi ya upande wa kushoto ilikuwa imekatika katikati, vipande viwili vinaning'inia na udongo mkavu wa mtaroni. Nikaigonga udongo ukatoka. Pale ilipokatika palikuwa na weldi.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikagonga kichwa kwenye chesisi. Ushahidi ulikuwa mkononi mwangu. Alikwenda kuichomelea kwa siri, kaka hakuigusa. Nikatoka na vipande viwili kwenye jua nivitazame vizuri.

Kila mchomeleaji ana mkono wake. Mimi hupiga duara ndogo kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu nilijifunza kwa mtu wa mashoto, na mwishoni navuta kijiti cha weldi nyuma kidogo kabla ya kukiinua. Kinabaki kimkia. Nilikiona kimkia changu.

Nilikaa chini. Nikakumbuka siku ya mwishoni mwa Julai, baada ya kaka kumkatalia mtani, siku ambayo sikuwa nimeikumbuka hata mara moja. Mtu wa mkokoteni alikuja na chuma ndani ya kiroba, urefu wa mkono, kimekatika. "Cha mashine ya kusaga," alisema. "Bosi anakitaka saa hii." Kaka alikuwa ameenda kula. Vyuma vya aina hiyo tunaletewa kila siku, mtu anashika kipande tu, gari au mashine yenyewe iko kwake, na fundi huulizi. Unaunga, unapewa hela ya chai. Lakini chuma kile kilikuwa na nyuzi za kufungia nati kwenye ncha zote mbili. Niliziona. Nilijua kwenye mashine ya kusaga hakuna chuma kama kile. Ilikuwa karibu na mchana, mashine ya kuchomelea ilikuwa tayari imewashwa, nikakiunga, nikaendelea na mambo yangu.

Nilifunga gereji saa tisa nikaenda nyumbani kwa kaka, Mtoni. Shemeji yangu alikuwa kwenye eda, kwa hiyo tuliongea yeye akiwa ndani na mimi nimekaa kwenye kigoda nje ya pazia la mlango, na mama yake ndani pamoja naye. Nilimwambia yote. Kimkia, mkokoteni, nyuzi.

"Uliziona hizo nyuzi?" shemeji aliuliza.

"Niliziona."

"Na hukuuliza."

"Sikuuliza, shemeji."

"Basi mko wawili," alisema.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, usiseme hivyo." Yeye akasema, "Nimesema, mama. Yeye mwenyewe anajua."

Nikamwambia nilichokusudia kuhusu kota pini. Sikujua kwa nini ninamwambia, labda nilitaka anipe ruhusa. Alicheka kidogo, si kicheko kizuri.

"Umuue? Akifa kwenye gari ulilolifunga wewe, watu watasema nini? Watasema ndugu wote wawili wanafunga kwa mate. Utamzika kaka yako mara ya pili." Akaongeza, "Mie sitaki afe. Nataka aseme. Lakini ukimwendea peke yako atakucheka, na hicho chuma atasema umekinunua kwa mwenye chuma chakavu. Yeye si mtani? Kamata kitu chake siku ya arobaini, mbele za watu. Akikomboe."

Mtani ana ruhusa ya kukamata. Kofia, baiskeli, hata mbuzi. Mwenyewe anakikomboa kwa jogoo au kwa hela kidogo, na hapana ugomvi. Sisi tulikuwa tumesahau kwamba ruhusa ile ni ya pande zote mbili.

Nikarudi kazini. Nilifunga tairodi mpya na boljointi nne, vile viungo vya miguu ya mbele, na boksi ya stelingi nikaijaza grisi. Kila nati niliikaza mpaka spana ikalia, na kota pini niliitia nikaikunja miguu yake miwili kama kaka alivyokuwa akiikunja, mmoja juu ya nati, mmoja ubavuni. Sikufanya hivyo kwa wema. Nilitaka gari lile lisipate hata kikohozi, asiwe na neno la kushika.

Jumamosi alikuja kulichukua. Nikamwambia, "Kesho ni arobaini. Nitakuja nalo Mtoni, ulichukue pale, watu waone."

Alifurahi sana. "Mtani mdogo umekua," alisema.

Jumapili asubuhi nililiendesha mwenyewe. Kaka alikuwa na sharti kwamba aliyefunga stelingi ndiye wa kwanza kuendesha. Nililipeleka mpaka Mbagala na kurudi. Lilinyooka kama limepigiwa rula, na manifoldi zangu ziliunguruma chini kwa chini, hakuna hata moja iliyopiga mluzi. Nililiegesha mbele ya nyumba.

Hitima ilisomwa, dua ikaombwa, watu wakala pilau. Maalim alikuwa bado hajavaa viatu mtani alipoanza.

"Wafiwa, asanteni kwa pilau, ingawa nyama mmemnyima mtani. Sasa nipeni ufunguo niondoke, maana fundi wa safari hii kanawa mikono. Hajatumia mate."

Watu wakacheka. Nilisimama na ufunguo. Watu wangu wanajua mimi si mzungumzaji.

"Mtani," nilisema, "gari nimelikamata."

Wakapiga makofi. Yeye mwenyewe alipiga makofi. "Haa, na nyie mmejifunza. Haya, jogoo wangapi?"

"Sitaki jogoo."

"Mbuzi?"

Nilivitoa vile vipande viwili kwenye mfuko wa sandarusi nikaviweka juu ya jamvi, pale sinia zilipokuwa. Nikasema hii ni tairodi iliyomuua kaka. Nikasema imechomelewa. Nikasema aliyeichomelea ni mimi, kwa mkono huu, kaka akiwa ameenda kula, na nyuzi niliziona na sikuuliza. Nilisema hivyo kwanza, kwa sababu nilijua ndicho kitu pekee alichonacho cha kunipiga nacho, na nilitaka kukitoa mkononi mwake.

Hakuna aliyecheka. Ami yangu mkubwa alinitazama, akautazama mlango wa shemeji, akainamisha kichwa.

"Mnaona," mtani alisema. "Mwenyewe kasema."

"Amesema lake," sauti ya shemeji ilitoka nyuma ya pazia. "Sasa sema lako ukomboe gari. Chuma hicho nani alikituma kwa mkokoteni?"

"Shemeji, hayo ni mambo ya kiume."

"Mie ndiye mjane. Nani alikituma?"

Alitafuta wa kucheka naye. Alimtazama Maalim, Maalim akaendelea kufunga kamba za viatu.

"Nilituma mie. Kwani kutuma chuma ni kosa?"

"Kwa nini hukumpa marehemu?"

Alivua kofia, akaivaa tena.

"Mtani, ufunguo uko pale. Kwa nini hukumpa marehemu?"

"Alikataa," alisema.

"Sema wasikie wa nyuma."

"Alikataa. Aliniambia nisiendeshe."

"Na siku ile ulipomchukua ulimwambia nini?"

Hapo sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka ikabidi watu wainame. "Nilimwambia nimepata tairodi mpya."

Shemeji hakuuliza tena. Nilisikia mama yake akimwambia keti, keti mwanangu.

Nilimpa mtani ufunguo kama desturi inavyotaka. Watu walimpisha njia, wakampisha zaidi ya ilivyohitajika. Alifika kwenye gari, akafungua mlango wa kushoto, akaweka mguu mmoja ndani. Halafu akautoa. Akarudi hatua chache mpaka niliposimama.

"Braza," alisema, na hakuwa ameniita hivyo hata siku moja. "Umelifunga sawasawa?"

Nilijua kila nati ilivyokaa. Nilijua kila kipini. Nilimtazama, na sikumjibu.

"Niambie tu. Limefungwa?"

Sikumjibu. Alisubiri mpaka jasho likamtoka chini ya kofia. Kisha akafunga mlango wa gari taratibu na akaondoka kwa miguu kuelekea kituoni, na kanzu yake nyeupe.

Gari lilikaa mbele ya nyumba ya kaka siku nne. Watoto wa mtaa walicheza juu ya boneti, sikuwakataza. Yule dereva wa teksi alikuja kumpa shemeji pole kwa mara ya pili. Kwangu hakupita, na kazi ya kuchomelea nilikaa bila kuletewa mpaka mwaka ulipogeuka. Sikuona kwamba nimeonewa.

Siku ya tano ilikuja pikapu na vijana wawili nisiowajua. Mmoja alinipa shikamoo, akaniuliza kama gari linawaka. Nikamwambia linawaka. Akasema mwenyewe kaagiza livutwe, mtu yeyote asiliendeshe. Wakafunga kamba kwenye bampa, wakalivuta polepole mpaka barabara kubwa, wakakata kulia kuelekea mjini.